Askari Aliyeitwa Marehemu

2 Novemba

Mjukuu wangu, mke wangu mdogo,

Pokea salamu, nyingi kiasi kwamba ungezipandisha ndege ungelipia mzigo. U hali gani huko kwenye baridi? Unakula? Unavaa soksi? Sisi huku wazima, ila goti langu la kushoto limejiuzulu bila hata kuandika barua. Mama yako amesimama mlangoni na simu yake, anangoja nimalize aipige picha karatasi hii akutumie. Anasema ningeongea tu kwenye simu tungeokoa muda. Nimemwambia maneno ya mdomo hayana risiti.

Nimesikia chuo kimewapeleka kuosha makaburi ya askari wetu waliofia vitani huko ng'ambo, na kwamba siku ya kufunga kila mwanafunzi atasimama kumsemea askari mmoja. Nimesikia pia wewe umepewa kapteni. Hongera. Sina ugomvi na kapteni. Alikufa, na kifo hakiulizi cheo. Lakini nyumba hii nayo ilitoa mtu, na hakuna aliyewahi kusimama kumsemea hata neno moja.

Habari hii umeisikia vipande vipande. Leo nakupimia yote. Baba yangu alipanda meli mimi nikiwa tumboni. Vita vikaisha, wenzake wakarudi, yeye hakurudi. Ilipofunguliwa shule ya watoto wa askari waliokufa, mama alinishika mkono hadi kwenye dirisha la ofisi. Karani akateremsha kidole kwenye orodha, akakipandisha, akasema, "Kwenye waliokufa hayumo. Kwenye waliorudi hayumo. Mama, mumeo alitoroka." Babake Bucha, huyu muuza nyama wetu, aliyekuwa naye kikosi kimoja, akagongelea msumari wa mwisho: juma la mwisho kabla ya kambi yao kuhama, alimwona akitoka kambini peke yake akielekea mtoni, asimwone tena. Basi. Tangu hapo nikawa Mwana wa Mtoro, na watu walipochoka kutamka yote, Mtoro tu.

Shule nikaikosa. Mizani nilijifunza kwa kuiba kwa macho dirishani kwa fundi mmoja, na hesabu nilijifundisha kwa mawe ya mizani, maana jiwe la kilo halimbembelezi mtu wala halimwonei. Leo hakuna muuza nyama wala muuza nafaka mjini hapa asiyeniletea mizani yake niipime. Na bado kibao cha karakana yangu kinasema MTORO FUNDI MIZANI, kwa sababu nilipoandika jina langu wateja walinipita wakiuliza Mtoro amehamia wapi.

Mtafute. Jina lake lote unalijua. Ukimkosa, andika "nimemkosa". Usinipambie.

Babu yako,
mume wako wa kwanza


5 Novemba

Mume wangu mwenye wivu na makapteni,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia mko wazima, na hilo goti likatalie ruhusa, halijafikisha umri wa kustaafu. Mimi mzima, mafua tu. Soksi navaa, mbili mbili. Tunalala wanne chumbani, vitanda vya juu na chini, na wa juu yangu anaota kwa sauti.

Babu, ungeipenda kazi ya huku. Mawe yote yana kimo kimoja, na yamenyooka hata ukisimama mwanzo wa safu ukafumba jicho moja unaona jiwe moja tu. Kapteni wangu amelala kati ya mpishi na dereva, hakuna aliyeinuliwa hata kidole kumzidi mwenzake. Tunaosha kwa maji matupu na brashi laini, kutoka juu kwenda chini. Sabuni ni marufuku, inakula jiwe. Mtunzaji ni mama mmoja wa makamo mwenye buti kubwa kama mapipa. Hupita nyuma yetu akipapasa herufi kwa ncha ya kidole. Akikuta uchafu ndani ya herufi anakurudishia brashi bila neno. Watu hawa nimewavulia kofia. Hawawajui ndugu zetu hata kidogo, lakini hawajaacha nyasi zimfunike hata mmoja.

Sasa uliloniagiza. Langoni kuna kitabu cha majina ya wote waliozikwa hapa. Nimelitafuta jina letu kwa kila namna wageni wanavyoweza kulikosea, kwa R, kwa L, kwa kulikata katikati na kuligeuza mbele nyuma. Nimemkosa. Umesema nisikupambie. Nimemkosa, babu, na niliporudisha kitabu ilibidi nijifanye nafunga kamba za viatu.

Basi nikuchekeshe kidogo. Katika safu yangu kuna askari wa kwetu, na jiwe lake lina nembo ya kikosi juu, na chini yake limeandikwa hivi: NAITWA MAREHEMU. Naapa. Mwenzangu wa chumbani, tunamwita Profesa kwa ajili ya miwani yake, alilisoma kwa sauti, akatazama huku na huku, akauliza, "Kwani hawa wengine wanaitwaje? Wazima?" Tulicheka mpaka ndoo ikamwagika. Mwalimu wa Historia akatukemea mbele ya watu. Mama mtunzaji hakuelewa tunacheka nini. Kwake hilo ni jina kama majina mengine.

Nisalimie wote.

Mjukuu wako


8 Novemba

Babu, shikamoo,

Umenyamaza. Mama anasema uliisoma barua yangu mara moja, ukaikunja, ukaingia karakana ukajifungia, na muuza nafaka alikuja kuchukua mizani yake akarudi mikono mitupu. Kama ni goti, niambie. Kama ni hasira kwa kuwa nimemkosa, nigombeze, nimezoea. Ila usininyamazie nikiwa mbali hivi.

Mjukuu wako


9 Novemba

Mjukuu wangu,

Salamu. Goti lipo, limerudi kazini kwa masharti. Sikununa. Nilikuwa nafikiri, na kufikiri kwangu kunafanana na kununa, hata marehemu bibi yako alikuwa akilalamika.

Hebu irudie sentensi hiyo. Umeona nilichofanya? Sikuweza kumtaja bibi yako mpaka nitangulize "marehemu". Kalamu imejiandikia yenyewe. Tabia hii niliirithi kwa mama, na mama aliikuta kwa mumewe. Alikuwa akitusimulia: baba yangu akikosea akamtaja aliyekufa bila neno hilo, hata awe katikati ya kisa kitamu, anasimama, anaomba radhi, anaanza upya. Watu walikuwa wakimtania kwamba visa vyake haviishi kwa sababu ya wafu. Na babake mwenyewe alikuwa amefariki kabla tu ya vita.

Sasa mtu huyo mweke mbele ya meza ya kuandikisha askari. Nyuma yake msururu hadi barabarani. Karani ni mgeni, lugha yetu amejifunza maneno mawili matatu, jua liko utosini.

"Jina?"

"Naitwa..."

Karani ameshaandika.

"Baba?"

"Marehemu..."

Ameshaandika. "Anayefuata!"

Kafungua kinywa mara mbili kwa adabu zake, na mara mbili kakatwa. Simlaumu karani kwa kutojua lugha. Namlaumu kwa kukosa subira ya neno moja la pili. Na yule wa dirisha la shule, yeye lugha aliijua, lakini angewezaje kuliona? Orodha ya waliokufa, na ndani yake neno "marehemu". Angedhani ni kichwa cha ukurasa.

Sisemi ndiye. Nataka mno awe ndiye, na hapo ndipo penye hatari. Mpe muuza nyama mwaminifu kuliko wote ajipimie mwenyewe, kidole chake kitaegemea mizani bila yeye kujua. Kwa hiyo tutapima inavyopasa.

Kila askari alikuwa na namba yake. Mama hakujua kusoma, lakini barua za jeshini hazikwenda bila namba, kwa hiyo aliishika kichwani ili amtajie aliyekuwa akimwandikia. Vita viliisha, barua zikaisha, namba haikumtoka. Aliitaja akifua, aliitaja akipepeta, nami nikaidaka kabla sijajua kuwa ni namba. Nilidhani ni wimbo. Leo nimeiandika, nimeitia kwenye bahasha, nimetia sahihi juu ya gundi, nimempa Bucha aiweke. Ndiyo, huyo huyo. Najua mama yako atakwambia nimechanganyikiwa. Nimemchagua kwa sababu ndiye mtu wa mwisho duniani atakayeegemeza kidole upande wangu. Mawe yote ya kijeshi yana namba. Isome ya jiwe lile, umtumie yeye. Mimi usinitumie.

Na mlimcheka. Silaumu, hata mimi nilicheka kwanza. Lakini rudi ukamwoshe vizuri.

Babu yako


10 Novemba

Babu yangu, shikamoo tena na tena,

Nimeisoma barua yako nimesimama, nikaketi, nikaisoma tena. Mafua yamepona kwa mshtuko.

Asubuhi nilimwomba Mwalimu wa Historia ruhusa ya kurudi kwenye safu yetu, maana leo zamu yetu ilikuwa upande mwingine. Akauliza kwa nini. Nikamweleza. Alinisikiliza akiwa ameinamisha kichwa kama anayepima joto la mgonjwa, kisha akasema, "Dhana nzuri. Lakini historia haiandikwi kwa dhana." Nikamwambia ndivyo babu yangu naye anavyosema, ila yeye anasema kwa kilo. Akaniruhusu.

Namba iko chini kabisa ya jiwe, nyasi zimeifikia. Nililala kifudifudi nikazitenga kwa vidole. Kuvu ilikuwa imeingia ndani ya tarakimu, na nikamwosha, babu, kutoka juu kwenda chini, herufi moja moja, hata mama mtunzaji alipopita akapapasa hakunirudishia brashi. Tarehe ya kufa ipo pia: mama mtunzaji anasema ni ya juma la mwisho kabla ya kambi yao kuhama. Namba nimemtumia Mzee Bucha. Hapa siiandiki, ingawa vidole vinaniwasha.

Kisha nikatembea safu nzima nikisoma upya majina ya watu wa kwetu. Yupo anayeitwa SIJUI. Yupo anayeitwa NDIYO BWANA. Juzi ningecheka. Leo nilipokuwa nikisoma nilikuwa nasikia sauti zao.

Mama mtunzaji anasema jiwe linaweza kuchongwa upya iwapo namba imethibitishwa na mtu wa karibu ameomba kwa sahihi yake, akaeleza anataka pasomeke nini. Ni juu yako.

La mwisho. Nimemwomba Mwalimu nimsemee huyu badala ya kapteni. Amesema programu imeshachapwa na kapteni ana nishani, na kwamba hawezi kumwondoa mtu mwenye nishani kwa ajili ya mtu mwenye kosa la tahajia. Ila nikimletea uthibitisho usiotoka kwangu wala kwako kabla ya keshokutwa, atasikiliza. Kwa hiyo heshima ya nyumba yetu iko duka la nyama.

Mjukuu wako


11 Novemba

Mjukuu wangu mpenzi,

Natumaini u mzima. Sisi wazima. Goti leo nimelisahau kabisa.

Nilikwenda na mama yako mara tu Bucha alipofungua. Walikuwepo mshona viatu na mama muuza mboga, wanangoja kupimiwa. Bucha aliponiona akapaza sauti, "Mtoro! Umekuja kununua, au kunihesabia gramu?"

"Nimekuja kupimiwa," nikamwambia.

Akaelewa. Akafuta mikono kwenye aproni, akatoa bahasha chini ya droo, akaigeuza watu waone sahihi yangu haijaguswa. Halafu, kwa kuwa ni Bucha, akasema, "Kabla sijafungua. Zikitofautiana, mizani zangu utazipima bure mpaka nife."

"Na zikifanana?"

"Zikifanana..." Akachukua kisu akafungulia bahasha.

Karatasi yangu akampa mshona viatu, simu akaishika yeye. Mama muuza mboga akajiteua mwamuzi bila kuombwa.

"Saba," akasoma mshona viatu.

"Saba," akasema Bucha.

"Moja."

"Moja. Hiyo hata mimi ningebahatisha."

"Soma, usihubiri!" mwamuzi akamkemea.

"Sifuri."

"Sifuri."

"Nne."

"Nne."

"Nne tena."

Bucha akafuata kwa kidole. "Nne."

"Tisa."

Akaisogeza simu mbali na uso, akaileta karibu. Mimi nilikuwa nimeshika ukingo wa meza ya marumaru. Mjukuu wangu, nimepima vitu maisha yangu yote, lakini sijawahi kuwa mimi niliyewekwa juu ya sahani. Kumbe mafuta ya nyama yalikuwa yameganda kwenye kioo. Akakifuta kwa kiwiko.

"Tisa," akasema.

Hakuna aliyepiga makofi. Mama muuza mboga alisema tu, "Haya, ndugu zangu," kama mtu aliyetua mzigo wa mwenzake. Mama yako akageukia ukutani.

Bucha akaketi kwenye kigogo cha kukatia. Akasema, "Marehemu baba hakuwa mwongo."

"Sijasema alikuwa mwongo."

"Alimwona kweli akielekea mtoni."

"Namwamini."

"Basi alikwenda, hakurudi tu. Na tarehe ni hiyo hiyo ya juma walilohama."

"Baba yako aliona sawa," nikamwambia, "akapima vibaya."

Nilitamani kumsikia akiomba radhi, nisikufiche, nimeisubiri tangu tukivaa kaptula. Hakuomba. Alimwambia mama yako awashe kinasa sauti cha simu, akajisafisha koo, akasema hivi: "Mwalimu, mimi ni muuza nyama. Familia hii tumeiita ya mtoro sisi wenyewe, na baba yangu ndiye aliyeanza. Bahasha nimeifungua mimi, namba nimeisoma mimi, na nilikuwa naomba zitofautiane. Hazikutofautiana. Mtu wao alikufa kama walivyokufa wenzake." Mama yako amekutumia pamoja na barua hii. Mpelekee Mwalimu wako. Uthibitisho usiotoka kwangu wala kwako, huo hapo, bado unanuka nyama.

Alikwenda mtoni kufanya nini, jiwe halisemi, nami sitambunia ushujaa. Labda kuchota maji. Nimekaa nikiwaza kijana yule aliyevuka bahari, aliyeweza kulitaja jina la babake moja kwa moja kama wengine wote, akaonelea amtangulizie heshima. Ushujaa huo kwangu unamtosha.

Kuhusu jiwe, nimejaza fomu na sahihi yangu iko chini. NAITWA waiondoe, waweke jina lake. MAREHEMU isiguswe. Hilo hakukosea, hilo ndilo alilotaka kusema. Wamwachie palepale lilipo, na baada yake wachonge jina la babake, ili aliyekatwa amalizie. Majina yote mawili nimeyaandika kwenye karatasi ya pili kwa herufi kubwa. Yasome kwa sauti mpaka ulimi uyazoee. Kwa R, si kwa L.

Babu yako


14 Novemba

Babu, mume wangu, shikamoo ya magoti yote mawili,

Mimi mzima, nimepoteza sauti tu, na sababu utaiona.

Mwalimu wa Historia aliisikiliza sauti ya Mzee Bucha mara mbili, ameegemea dirisha. Akasema, "Programu imeshachapwa." Nikasema ndiyo, Mwalimu. Akatoa kalamu mfukoni, akavuta rundo la programu, akaanza kusahihisha nakala moja moja kwa mkono wake. Nilipotaka kumsaidia akanikatalia: "Mwandiko wako ni wa daktari." Profesa akajitolea kumbeba kapteni. Alisema kwa kuwa yeye ndiye aliyeanza kucheka, adhabu yake ni nishani nne za kukariri.

Sherehe ilikuwa asubuhi, ukungu umekaa chini kiasi kwamba mawe yalionekana kama yanaelea. Tarumbeta ilipigwa. Wazee wa huku walikuja na makoti yao marefu, wengine na watoto wadogo; watu wasiotujua, babu, wamesimama kwenye baridi kwa ajili ya watu wetu, na hawakuwa wanatazama simu. Kila mwanafunzi alisimama kando ya jiwe la mtu wake. Profesa alimsemea kapteni vizuri sana, hata nishani zote alizikumbuka.

Zamu yangu nilikuwa na hotuba niliyoiandika, ukurasa mzima. Nikaikunja. Niliweka mkono juu ya jiwe, nikasema, "Naitwa," halafu nikataja jina lake. Lote. Nikangoja kidogo. Nikasema, "Baba yangu ni marehemu," nikataja la babake. Nilisema kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia, ndiyo sababu leo naongea kama jogoo mgonjwa. Kisha nikawaeleza wenyeji kwa lugha yao maneno hayo maana yake nini na yalikatwaje, na mama mtunzaji aliyekuwa nyuma akaja mpaka mbele, akasimama akilitazama jiwe aliloliangalia miaka yote hiyo, akapapasa herufi, akalisoma kwa mdomo tu, taratibu, kama mtoto anayeanza kusoma.

Baadaye wenzangu walitawanyika bila kuambiwa. Nikamwona mmoja amepiga magoti mbele ya SIJUI, akiitafuta namba kwenye nyasi. Mwalimu ameanza kuziandika. Anasema tukirudi tutaketi na wazee wote wenye namba kichwani.

Nakuja Jumamosi. Usinipikie wewe.

Mjukuu wako


15 Novemba

Mke wangu mdogo,

Natumaini sauti imekurudia. Kunywa maji ya moto. Sisi wazima.

Video ya sherehe mama yako alituonyesha dukani kwa Bucha, kwa kuwa simu yake Bucha ndiyo yenye kioo kikubwa, na safari hii alikifuta mapema. Tulikuwa wengi. Aliyepiga picha mkono ulimtetemeka na kipaza sauti kilikoroma. Mtu akiniletea mizani yenye kelele kama hiyo namrudishia. Lakini majina yalisikika, kwa R. Mama muuza mboga alitaka irudiwe, ikarudiwa.

Tulipomaliza nikachukua nyama yangu nikaondoka. Nimefika kwa mshona viatu nikamsikia Bucha anaita mtu kwa nguvu nyuma yangu, anaita, anaita. Sikugeuka. Nilijua haniiti mimi, maana aliyekuwa akimwita hakuwa Mtoro. Mpaka mshona viatu akanigusa bega, akaniambia, "Mzee, hilo si ndilo jina lako?"

Babu yako